Amana ya Ajuaye: Ndege Wahamao na Udongo wa Shinkolobwe

Swali la ujuzi limezoeleka kuulizwa kwa upande wake mmoja, yaani namna kiumbe anavyopata kujua, iwe kwa hisi, kwa akili, kwa ufunuo au kwa silika, na wanafalsafa wa kila zama wamejaza vitabu kwa kuubishania upande huo. Upande wa pili, yaani kile ambacho ujuzi humdai yule aliyeupata, umeachiwa zaidi wahubiri, kana kwamba ni nyongeza inayokuja baada ya kazi ya fikra kwisha. Kuna mahali ambapo pande hizo mbili hazikubali kutenganishwa, na mojawapo ni Shinkolobwe, machimbo yaliyoko magharibi mwa mji wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Viumbe wanaolifanya swali hilo lionekane wazi zaidi huko ni ndege wahamao, hususan mbayuwayu, ambaye kila mwaka, mnamo Machi na Aprili, mvua za Katanga zinapokaribia kwisha, huondoka kurudi Ulaya na Asia kutaga mayai na kulea makinda.

Mbayuwayu huyo, ambaye wataalamu humwita Hirundo rustica, ana uzito wa gramu 20 hivi, mgongo wa buluu inayokaribia weusi, paji na koo la rangi ya kutu, na mkia uliogawanyika wenye manyoya mawili membamba yanayochomoza pembeni. Huanza kuonekana kusini mwa Kongo mnamo Septemba na Oktoba, wakati ambao miombo, yaani ile misitu ya wazi ya miti ya jamii ya Brachystegia na Julbernardia inayoenea Katanga, Zambia na magharibi mwa Tanzania, inachipua majani mapya mekundu kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka. Kwa hiyo ndege huyu hutoka kwenye machipuo na kurejea kwenye machipuo: hufika wakati miti ya Katanga inavaa majani, na huondoka ili aikute miti ya kaskazini ikifanya vivyo hivyo. Mvua ikishailainisha ardhi, kumbikumbi hutoka kwa maelfu katika vile vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo vingine husimama juu kuliko nyumba, nao hupanda hewani kwa mbawa zisizodumu; mbayuwayu hupita katikati yao mdomo wazi, akigeuka kwa pembe kali mahali ambapo jicho la mtu linaona hewa tupu, huku chini watu wakiwaokota kumbikumbi hao hao kwa ajili ya kukaanga.

Jambo lisemwalo mara chache, ingawa lina uzito mkubwa zaidi kwa hoja inayofuata, ni kwamba mbayuwayu huyu hubadilisha manyoya yake ya kurukia akiwa Afrika. Unyoya wa zamani hudondoka na mpya huota mahali pake, hatua kwa hatua katika kila bawa ili ndege asipoteze uwezo wa kuruka, na kazi hiyo huchukua miezi kadhaa hadi karibu na siku za kuondoka. Bawa linaloonekana mwezi Mei juu ya zizi la mkulima wa Poland limejengwa, basi, kwa wadudu wa Afrika; na wataalamu wanaopima isotopu, yaani aina za atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito, huweza kusoma katika unyoya mmoja dalili za nchi ambako uliota. Vitabu vingi bado humwita ndege huyu mzaliwa wa Ulaya anayekimbilia kusini kukwepa baridi, na maelezo hayo si ya uongo, lakini yameandikwa na mtu aliyesimama kaskazini akimtazama ndege akienda zake. Mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, alionyesha katika kitabu chake The Invention of Africa cha mwaka 1988 jinsi maarifa juu ya Afrika yalivyojengwa kwa maswali, majina na rafu za maktaba za wengine, hata Mwafrika mwenyewe akajikuta akijisoma kwa macho yao. Hoja yake ilihusu watu, lakini inafaa kabisa kwa ndege: kumpa kiumbe uraia wa mahali anapotaga na kumnyima wa mahali anapoota mbawa ni uamuzi wa mwenye kalamu, wala maumbile hayakuusema.

Namna mbayuwayu anavyoijua njia yake ilibaki fumbo kwa muda mrefu kiasi cha kushangaza. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, na dhana hiyo iliishi kwa zaidi ya miaka 2,000. Katika karne ya 17 Mwingereza Charles Morton alifikia hatua ya kupendekeza kwamba ndege wahamao huenda mwezini. Mwaka 1822 korongo mweupe alipatikana karibu na kijiji cha Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, akiwa na mshale wa Kiafrika umepenya shingo yake, naye amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Inafaa kutua kidogo kwa ndege huyo, kwa kuwa ushahidi wa kwanza ulioishawishi Ulaya kwamba ndege wake huishi Afrika uliandikwa na mwindaji wa Kiafrika ambaye jina lake halikuulizwa. Mdenmark Hans Christian Cornelius Mortensen alianza mwaka 1899 kuwavika ndege pete zenye anwani miguuni, na mbayuwayu aliyevikwa pete Staffordshire, Uingereza, mwezi Mei 1911 akapatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912.

Uchunguzi uliofuata ulifunua kwamba ndege husoma jua, hujifunza mzunguko wa nyota, na huhisi usumaku wa dunia. Jaribio lenye mafunzo makubwa zaidi kwa mwanafalsafa ni lile la Mholanzi Perdeck, lililochapishwa mwaka 1958, ambamo maelfu ya ndege wa jamii ya kuzi walikamatwa Uholanzi wakiwa safarini na kupelekwa Uswisi kabla ya kuachiwa. Ndege wazima waliokwisha kuifanya safari hiyo waligundua kosa na kugeuza mwelekeo hadi maeneo yao ya kawaida. Wachanga waliendelea kuruka upande ule ule waliourithi, na hivyo wakafika kwingine kabisa. Kekeo huenda mbali zaidi, kwa sababu hutagwa katika kiota cha ndege wa aina nyingine, haoni wazazi wake hata mara moja, na bado akiwa na umri wa miezi michache huondoka peke yake kuelekea Afrika. Vifaa vya setilaiti ambavyo shirika la British Trust for Ornithology limekuwa likiwafunga kekeo tangu mwaka 2011 vimeonyesha kwamba wengi wao huishia katika misitu ya bonde la Kongo. Ndani ya ndege mmoja, kwa hiyo, zimo elimu mbili: ile aliyozaliwa nayo, ambayo ni mwelekeo na muda, na ile aliyoichuma mwenyewe, ambayo ni kumbukumbu ya mahali.

Wanafikra wa zamani hawakuwa na vipimo hivyo, lakini walikwisha kuona kwamba mnyama hawezi kuelezwa kwa hisi tupu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alifundisha kwamba mnyama ana uwezo wa ndani uitwao wahm, yaani uwezo wa kupata maana ambayo jicho na sikio haviwezi kuileta, kama vile kondoo anavyoutambua uadui wa mbwa mwitu ingawa uadui hauna rangi wala sauti. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alilipokea wazo hilo na kuongeza mfano wa ndege aokotaye ujiti: haupendi ujiti kwa uzuri wake, anauokota kwa sababu unafaa kwa kiota ambacho bado hakipo. Wote wawili walikubaliana kwamba elimu hiyo ni ya kweli na kwamba ina mpaka, kwa kuwa mnyama hutambua kinachomfaa na kinachomdhuru pasipo kuweza kuuliza kwa nini.

Maandiko matakatifu yanaitazama elimu hiyo kwa heshima ambayo falsafa mara nyingi iliinyima. Nabii Yeremia, katika sura ya nane ya kitabu chake, anawaweka korongo, hua na mbayuwayu mbele ya taifa lake kama viumbe wanaozijua nyakati zao, kisha analishitaki taifa hilo kwa kutoijua hukumu ya Mola wake. Qurani, katika Surat an-Nur, inasema kwamba ndege wanaokunjua mbawa zao wanamtakasa Mwenyezi Mungu na kwamba kila mmoja ameijua sala yake. Na katika Surat al-An'am inawataja ndege kuwa ni umati kama walivyo wanadamu. Kwa mtazamo huo ndege anayeondoka Katanga mwezi Machi anatii, na elimu yake inatosheana na utii wake. Anajua yote anayopaswa kuyajua ili aishi kama ndege, na hakuna hata kimoja katika ujuzi wake ambacho atakuja kuulizwa alikitumiaje.

Kuna sura moja ya Biblia inayoleta ndege na mgodi mahali pamoja, nayo haisomwi vya kutosha katika nchi za machimbo. Ni sura ya 28 ya kitabu cha Ayubu, inayomsifu mwanadamu kwa kuchimba njia gizani chini ya ardhi, njia ambayo ndege mwindaji haijui na ambayo jicho lake kali halijaiona, kwa kuipindua milima kutoka katika mizizi yake na kuvitoa nuruni vitu vilivyofichika. Kisha, sifa zikiwa zimefika kilele, mwandishi anauliza hekima inapatikana wapi, na jibu lake ni kwamba haimo katika vilindi vilivyochimbwa, wala ndege wa angani hawaioni. Njia yake anaijua Mungu, na sehemu yake mwanadamu ni kumcha Yeye na kujitenga na uovu. Wasomaji wengi huichukua sura hiyo kuwa ni unyenyekevu wa jumla, ilhali inasema jambo mahususi zaidi: kwamba ustadi wa kufika mahali ambapo ndege hafiki ni mkubwa na wa kweli, na kwamba ustadi huo wenyewe hauna ndani yake kanuni ya kuutumia.

Historia ya Shinkolobwe inaweza kusomwa kama ufafanuzi mrefu wa sura hiyo. Mwaka 1915 mtafiti wa madini Robert Rich Sharp, Mwingereza aliyekuwa akiitafutia shaba kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, aligundua hapo mawe mazito yenye rangi za manjano na kijani, ambayo yalikuwa ya urani. Uchimbaji ulianza mwaka 1921, na kilichotafutwa wakati huo kilikuwa radiamu, elementi iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898 na iliyouzwa ghali mno kwa ajili ya tiba; mawe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, na urani iliyobaki ilikuwa karibu na takataka. Madini kadhaa yalielezwa na sayansi kwa mara ya kwanza kutokana na vipande vya Shinkolobwe, yakapewa majina ya mabingwa wa Ulaya: kuriti kwa heshima ya Pierre Curie, sklodowskiti kwa heshima ya Marie, bekereliti kwa heshima ya mwanafizikia Becquerel. Mawe bora ya hapo yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, utajiri usio na mfano, kwa kuwa miamba mingi inayochimbwa kwingineko duniani haifikii hata asilimia moja.

Mwaka 1939 Katanga iliamuliwa mara mbili pasipo kuulizwa. Katika mwaka huo serikali ya kikoloni ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Upemba, kaskazini mwa Likasi, ili kulinda wanyama na ndege wa nyanda na mabwawa. Na tarehe 2 Agosti mwaka huo huo Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, iliyoonya juu ya uwezekano wa bomu la aina mpya na kuitaja Kongo ya Kibelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani. Maamuzi hayo mawili hayakuwa sawa kwa nia wala kwa matokeo, na haitakuwa haki kuyapima kwa mizani moja. Yalifanana kwa jambo moja tu: yote yaliichukulia ardhi kuwa ina thamani kwa ajili ya kitu ambacho mkazi wake hakuulizwa anakionaje. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka mwaka 1940 takriban tani 1,200 za mawe hayo, ndani ya mapipa ya chuma, kupitia bandari ya Lobito nchini Angola hadi Staten Island, New York, ambako yalikaa ghalani hadi Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipoyanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwezi Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe.

Katika mwaka huo huo wa 1945, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kilichapishwa kwa Kifaransa kitabu cha padri Mfransisko Placide Tempels kuhusu falsafa ya Wabantu, kilichotokana na miaka yake kati ya Waluba wa Katanga. Tempels alidai kwamba kwa Mbantu kuwako ni kuwa na nguvu, kwamba nguvu huongezeka na kupungua, na kwamba zimepangwa kwa daraja kutoka kwa Mungu hadi kwa wahenga, kwa walio hai, kwa wanyama, kwa mimea, na mwishowe kwa mawe. Mwanafalsafa Paulin Hountondji na wengine walimkosoa vikali kwa kuwavika watu wote fikra moja isiyo na mwandishi, na ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo inastaajabisha kwamba jimbo moja lilitoa katika mwaka mmoja kitabu kilichoyaweka mawe kwenye daraja la chini kabisa la nguvu, na mawe yaliyoonyesha kuwa ndani yake imelala nguvu ya kuufuta mji. Kilichokosekana katika mambo yote mawili ni swali la nani anawajibika kwa nguvu hiyo pindi inapokwisha kuamshwa.

Swali hilo lina ugumu wa pekee kwa sababu ya tabia ya mnururisho, yaani nishati inayotolewa na atomi zisizo imara zinapojivunja zenyewe. Hauna harufu, hauna rangi, hauna joto la kuhisika kwa kiwango kinachobaki katika udongo wa machimbo. Wahm wa Ibn Sina haukuumbwa kuutambua. Kondoo humkimbia mbwa mwitu, lakini hakuna mnyama anayeikimbia radoni, gesi inayozaliwa na radiamu na kupanda juu kutoka ardhini. Wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza walikuwa wakishuka na ndege kaneri katika vizimba, kwa sababu ndege huyo hulevywa na gesi ya sumu mapema kuliko mtu, na desturi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1980. Shinkolobwe kaneri angeimba hadi jioni pasipo kumwonya yeyote. Hata simulizi ya Nuhu inafikia hapa mwisho wa uwezo wake. Nuhu alimtuma njiwa ili ajue kama nchi imekuwa salama, na jani la mzeituni mdomoni mwake lilikuwa jibu la kutosha, kwa kuwa maji ya gharika yalikuwa hatari ambayo ndege angeiona. Ndege anayetua leo juu ya majani yaliyoota katika vifusi vya Shinkolobwe, akala mdudu na kuondoka, hajathibitisha chochote kuhusu usalama wa mahali hapo. Mwonekano wa uhai juu ya udongo huo unaweza kumpotosha mtu mwenye nia njema kabisa.

Mfano ulio karibu zaidi unatoka kaskazini, kutoka ncha ya pili ya safari ya ndege huyo huyo. Kituo cha nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, kililipuka tarehe 26 Aprili 1986, wakati wa machipuo, mbayuwayu wakiwa wanarejea kutoka Afrika. Waliingia katika vijiji ambavyo watu walikuwa wakihamishwa, wakajenga viota chini ya mapaa yaliyoachwa. Anders Pape Møller na Timothy Mousseau, waliowachunguza mbayuwayu wa huko kwa miaka mingi, waliripoti kwamba katika maeneo yaliyochafuka ndege wengi zaidi walikuwa na madoa ya manyoya meupe yasiyo ya kawaida, na kwamba walipungukiwa uwezo wa kuishi na kuzaa. Wanasayansi wengine wamebishana nao kuhusu vipimo na kuhusu ukubwa wa athari. Mabishano hayo yaendelee, kwa kuwa ndiyo kazi ya sayansi. Kwa hoja iliyopo hapa inatosha kwamba watu waliambiwa waondoke, na ndege hakuna lugha ambayo kwayo angeambiwa.

Hapo ndipo upande wa pili wa ujuzi unapodhihirika. Qurani, katika Surat al-Ahzab, inaeleza kwamba amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikakataa kuibeba na kuiogopa, na mwanadamu akaibeba. Na aya hiyo inamalizia kwa kumtaja mwanadamu kuwa ni dhalimu na mjinga. Wafasiri wameielewa amana hiyo kwa namna nyingi, wengine wakisema ni wajibu wa sheria, wengine ni akili, wengine ni hiari. Maana zote hizo zinakutana katika jambo moja, kwamba mwenye kubeba ataulizwa. Ikhwan as-Safa, kundi la wanafikra wa Basra wa karne ya 10, walilitengenezea wazo hilo kesi nzima: katika risala yao mashuhuri wanyama wanawashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, kila kundi kupitia msemaji wake, ndege nao wakiwamo, na kila sababu ambayo wanadamu wanaitoa ya kuwa mabwana, iwe umbo zuri, ufundi au elimu, inajibiwa na kuangushwa. Kinachowabakizia wanadamu nafasi yao ni ahadi ya kufufuliwa na kuhesabiwa, pamoja na kuwako kwa watakatifu kati yao. Ukuu uliojengwa juu ya kuhesabiwa ni ukuu wa mdaiwa, na wanafikra hao walistahili kusikilizwa katika kila ofisi iliyowahi kutia sahihi leseni ya mgodi.

Zipo pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa kwa uzito. Ya kwanza ni ya kidini: kwamba ndege wako mikononi mwa Mungu, ambaye Surat al-Mulk inasema ndiye pekee awashikaye angani, na ambaye kwa maneno ya Yesu katika Injili ya Mathayo hakuna shomoro aangukaye pasipo Yeye kujua, na kwa hiyo si kazi ya mwanadamu kujitwika ulinzi wao. Lakini maandiko hayo yanasema kwamba kuanguka kwa shomoro kunaonekana na Mungu. Hayasemi kwamba aliyemwangusha hahusiki. Kadiri macho ya Mungu yanavyomfikia kiumbe mdogo, ndivyo hesabu ya mwanadamu inavyozidi kuwa ndefu.

Pingamizi ya pili ni ya kibinadamu, nayo ni nzito zaidi: kwamba kuwazungumzia mbayuwayu mahali ambapo watu wamekufa kwa kutafuta chakula ni kuwatukana watu hao. Mashimo ya Shinkolobwe yalifungwa kwa saruji wakati wa uhuru mwaka 1960, lakini maelfu ya wachimbaji wadogo walirudi baadaye kutafuta kobalti na shaba kwa sururu na koleo, na mawe waliyoyabeba mabegani yalichanganyika na urani. Mwezi Januari 2004 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji huo kwa amri. Mwezi Julai mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wanane, kisha makazi ya wachimbaji yakabomolewa. Anayeijua historia hiyo hawezi kumweka ndege mbele ya mtu, na hoja ya amana haimtaki afanye hivyo. Inachofanya ni kuonyesha kwamba mchimbaji aliwekwa katika hali ya ndege kwa upande wa kujua, ingawa yeye ni mwenye akili timamu na angeelewa kama angeelezwa. Kilichojulikana Olen, New York na Brussels kuhusu mawe hayo kilifichwa wakati wa vita kwa sababu za kijeshi, na baada ya vita hakikurudishwa kwa watu wa Likasi katika lugha wanayoisema. Ndege hakuambiwa kwa sababu haambiliki, na mtu hakuambiwa kwa sababu hakuhesabiwa. Madeni hayo ni mawili tofauti, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza: kwa mchimbaji, ajuaye anadaiwa kusema, na pamoja na kusema kumwachia njia nyingine ya riziki, kwani marufuku isiyo na mkate ni onyo lisiloweza kutiiwa; kwa ndege, ajuaye anadaiwa kutenda kwa niaba yake, kwa kuwa hakuna onyo litakalomfikia.

Deni hilo lina muda ambao desturi za kibinadamu hazijazoea kuuhesabu. Nusu-uhai, yaani muda ambao nusu ya kiasi cha elementi isiyo imara huwa imejivunja, ni takriban miaka 1,600 kwa radiamu iliyo ya kawaida katika mawe hayo, na ni miaka bilioni 4.5 hivi kwa urani yenyewe. Serikali, kampuni na dola zitabadilika mara nyingi kabla ya hapo; Union Minière haipo tena kwa jina hilo, Jadotville imekuwa Likasi, Katanga imegawanywa na kuwa majimbo manne tangu mwaka 2015, na mbayuwayu hajapata kuchelewa safari yake kwa sababu ya mabadiliko hayo. Hata hivyo urefu wa muda hauwezi kuwa sababu ya kutoanza, na mambo ya kuanza nayo yanajulikana: kupima udongo, maji na wadudu wa eneo hilo kila msimu, katika mvua na katika kiangazi, kuvifunika vifusi vilivyoachwa wazi, kuzifungua nyaraka za kampuni na za majeshi zinazohusu yaliyochimbwa na yalipotupwa mabaki, na kuyaandika matokeo kwa Kiswahili cha Likasi na kwa Kisanga, yakasomwe shuleni, makanisani na misikitini. Gharama yake zinadaiwa kwanza Ubelgiji na Marekani, zilizonufaika na mawe hayo zikiyajua, kisha serikali ya Kinshasa, ambayo imerithi pamoja na ardhi hiyo ujuzi wa kilichomo ndani yake.